Siku nne tulizosubiri figo za baba, na dawa ya kondoo ambayo hatukuwa nayo

Mzee alianza kuona njano Jumatano asubuhi. Alimwambia mama kikombe chake cha chai kina ukungu wa njano pembeni, mama akakiosha, akamletea kingine, mzee akasema bado upo. Tukadhani ni macho tu, si unajua wazee na macho, ana miaka 71, hakuna aliyeshtuka. Mimi nilikuwa Dar, wao Tanga, nikapewa hiyo habari kwenye simu ikiwa imechanganywa na habari zingine za nyumbani, kwamba mzee wiki nzima tumbo linamsumbua, anaharisha, chakula hataki, kichefuchefu, na sasa tena macho. Nikasema nitatuma hela akapime macho. Naandika hivi kwa sababu nataka mtu mwingine mwenye mzazi wa moyo akisikia maneno hayo kwenye simu, kichefuchefu na kuona njano, asitume hela ya miwani. Apande basi usiku huohuo.

Baba ana moyo uliotanuka na mapigo yasiyo na mpangilio, anatumia digoksini mwaka wa sita sasa. Kidonge kidogo cheupe, miligramu 0.25, kila siku baada ya swala ya alfajiri, na mzee ni mtu wa nidhamu, hajawahi kuruka hata siku moja. Sasa ile wiki ya kuharisha maji yalimwishia mwilini, figo zikazidiwa, na digoksini njia yake kubwa ya kutoka mwilini ni figo. Kwahiyo kila asubuhi inaingia moja mpya na ya jana haijatoka, na ya juzi haijatoka, yeye anameza tu kama alivyoagizwa. Ijumaa akaanguka uani karibu na kisima. Wanafika hospitali mapigo ya moyo ni 34 kwa dakika na potasiamu kwenye damu ni 5.8.

Nilifika usiku. Daktari aliyekuwa zamu ni kijana mdogo kweli, nadhani nimempita miaka kumi, ila alikuwa ameshajua tatizo kabla majibu ya maabara hayajarudi kwa sababu aliinama akamwambia baba, "Shikamoo mzee wangu, hebu niambie, hii taa unaionaje?" Baba akajibu ina duara la njano. Basi. Alinitoa kwenye korido akaniambia, "Kaka, ile dawa ya moyo imemjaa mzee mwilini. Dawa ya kuitoa ipo duniani ila hapa hatuna, na sidhani kama tutaipata sehemu yoyote kabla ya Jumatatu. Tutamshikilia mpaka figo zake zifanye kazi." Hilo neno, kumshikilia, nimelibeba mpaka leo. Wakamshikilia kweli, dripu ya maji, atropini mapigo yakishuka sana, mashine ya moyo pembeni inalia, nesi anakuja kila baada ya nusu saa, na mama amekaa na tasbihi yake hasemi na mtu. Siku nne. Sina lalamiko lolote kwa wale watu, walifanya kazi kwa mikono yao yote, na mzee yupo hai kwa ajili yao.

Lakini ile sentensi, dawa ya kuitoa ipo duniani, haikuniacha nilale. Nikawa nakaa kwenye benchi la nje ya wodi nasoma kwenye simu, alafu niliporudi Dar nikaendelea kusoma, na rafiki yangu mmoja mfamasia akanisaidia pale nilipokwama. Nilichokikuta ni kitu kizuri sana, yaani kizuri kiasi kwamba kinauma, na ndo nataka kuwaelezea.

Kwanza tatizo lenyewe. Nilimuuliza daktari, si mmuwekee ile mashine ya kusafisha damu, dayalisisi? Akasema haisaidii kwa hii. Sikuelewa, damu ina sumu, mashine inasafisha damu, kwanini isisaidie? Kumbe digoksini haikai kwenye damu. Inakaa kwenye misuli, moyo ukiwemo. Ukichukua kiasi cha dawa kilichomo mwilini ukakigawa kwa ule ukolezi unaouona kwenye damu, hesabu inakupa kitu kama lita 500, wakati mtu mzima ana damu lita tano hivi. Maana yake ni kwamba kilichomo kwenye damu ni chembe tu, mzigo wote uko ndani ya nyama. Mashine inaweza kusafisha ile chembe masaa manne mfululizo na moyo ukabaki na mzigo uleule. Na ndio maana dawa hii ni hatari hivo, nafasi kati ya kutibu na kuua ni nyembamba: kwa mgonjwa wa moyo wanataka nanogramu 0.5 mpaka 0.9 kwa kila mililita ya damu, ikipita 2 tayari uko pabaya.

Inachofanya huko kwenye moyo ni kuziba pampu. Kila chembe hai ya mwili ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, usiku na mchana. Digoksini kidogo inazipunguza kasi kidogo, moyo unapata nguvu ya kukaza na mapigo yanatulia. Ikizidi pampu zinaziba, potasiamu inabaki nje kwenye damu, ndo ile 5.8 ya baba, na umeme wa moyo unavurugika. Huyo mtu aliyeigundua pampu ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, alikuwa anafanyia kazi mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, akaja kupewa Nobel 1997. Na kemikali iliyotumika kuthibitisha kwamba ile ni pampu yenyewe inaitwa wabaini, ambayo jina lake limetoka kwenye Kisomali, waabaayo, sumu ya mishale. Ni sumu ya ule mti wa huku kwetu, msunguti, ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakichemsha magome na mizizi yake mpaka inakuwa kitu cheusi kama lami wanapaka kwenye mshale. Ni ndugu kabisa wa digoksini, zinaziba pampu ileile. Babu zetu walikuwa wanajua mnyama aliyepigwa mshale ule moyo unasimama, walichokuwa hawana ni jina la pampu.

Sasa dawa ya kuitoa.

Wazo la kwanza ni la zamani. Mwaka 1890 kule Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba ukimpa mnyama sumu ya pepopunda au ya dondakoo kidogokidogo, damu yake inatengeneza kitu cha kuizima, na kile kitu unaweza kukitoa kwa mnyama huyu ukampa mwingine naye akapona. Hicho kitu ndo kingamwili, antibodi. Dawa ya nyoka tunayoijua sote inatengenezwa kwa njia hiyohiyo mpaka leo, farasi au kondoo anachomwa sumu ya nyoka kwa vipimo vidogo, damu yake inachukuliwa, kingamwili zinachujwa. Lakini sumu ya nyoka ni protini kubwa, mwili unaiona. Digoksini ni kitu kidogo mno, kinga ya mwili haiioni kabisa, ndiyo maana baba kameza miaka sita na mwili wake haukuwahi kutengeneza hata kingamwili moja dhidi yake. Ujanja ukapatikana New York, Vincent Butler na mwenzake Chen, 1967: waliigandisha digoksini kwenye protini kubwa, wakamchoma mnyama lile furushi zima. Mwili wa mnyama ukaona furushi, ukatengeneza kingamwili za kushika kila kona yake, na baadhi ya hizo zikawa zinashika digoksini yenyewe hata ikiwa peke yake. Zinaishika kwa nguvu kuliko hata ile pampu ya moyo inavyoishika.

Hapo pana kikwazo kingine. Kingamwili nzima ni kubwa, ina uzito karibu mara 190 ya digoksini, haipiti kwenye figo, kwahiyo ingeikamata dawa alafu ikabaki inazunguka nayo kwenye damu wiki kadhaa, na vilevile protini nzima ya mnyama ina uwezekano mkubwa wa kumletea mtu mzio. Inabidi ikatwe. Ina umbo kama herufi Y, mikono miwili ndo inayoshika, mguu hauhitajiki. Na kinachoikatia ni papai.

Niliposoma hapo nilisimama. Papai! Ule utomvu mweupe unaotoka ukichana papai bichi una kimeng'enya kinachoitwa papaini, ndicho hichohicho kinacholainisha nyama. Mama yangu akipata nyama ya ng'ombe mzee, hasa ya shughuli, anachukua papai bichi analimenya, analiparaza, anachanganya na tangawizi anaacha kwenye beseni kama saa moja, na ukizidisha nyama inakuwa uji, unaikuta inamomonyoka vidoleni. Kinachotokea kwenye lile beseni ni papaini inakata protini. Mwaka 1959 Rodney Porter kule London aliweka kingamwili kwenye papaini zikakatika vizuri sehemu moja, mikono miwili huku na mguu kule, akapata Nobel 1972 pamoja na Gerald Edelman. Ule mkono mmoja uliokatwa unaitwa fabu. Na dawa inayotumika sasa, DigiFab, inatengenezwa hivohivo: kondoo wanachanjwa lile furushi la digoksini, wanatolewa damu, kingamwili zinakatwa kwa papaini, alafu zinapitishwa kwenye chujio lenye digoksini ili zibaki zile zinazoishika tu. Kwenye maelezo ya dawa wanaonya kabisa kwamba mtu mwenye mzio wa papai awe mwangalifu.

Fabu moja bado ni kubwa kuliko digoksini kama mara 60, lakini sasa inapita kwenye figo. Inaingia kwa dripu, inaikuta ile chembe ya digoksini iliyomo kwenye damu, inaishika yote. Na hapa ndo pale palipokuwa pananisumbua mimi, kwamba kama mzigo uko kwenye misuli na fabu iko zaidi kwenye damu na maji ya pembeni yake, moyo unasafishwaje?

Jibu nililipata nikiwa nakumbuka kile kisima cha nyumbani. Ukiteka maji kisimani huendi kuchimba udongo wa jirani kutafuta maji yaliko. Unateka yaliyomo kisimani tu, na udongo wenyewe unatoa maji kuja kujaza pale ulipotoa, unateka tena, unatoa tena. Digoksini kwenye moyo na digoksini kwenye damu ziko kwenye mizani, muda wote zinaingia na kutoka. Fabu ikimaliza ile ya kwenye damu, ya kwenye moyo inaachia pampu inatoka kuja kujaza pengo, inakamatwa, nyingine inatoka, inakamatwa. Hakuna kinachoenda kuufuata moyo. Moyo unajimwaga wenyewe. Na digoksini ikishashikwa ile ndo imeshikwa, inazunguka na fabu yake mpaka figo ziwatoe wote pamoja.

Ndo maana ukimpima mgonjwa damu baada ya kumpa dawa hii, kipimo cha kawaida cha digoksini kinapanda mara kumi au zaidi, mtu wa maabara asiyeambiwa anaweza kupiga simu wodini kwa hofu, wakati mgonjwa amekaa kitandani anaomba chai. Dawa yote iliyokuwa imejificha kwenye nyama imetoka hadharani ikiwa imefungwa mikono.

Mtu wa kwanza kupewa hii kitu ripoti yake ilitoka 1976, Boston, Thomas Smith, Edgar Haber, Butler na wenzao. Alikuwa mwanaume wa miaka 39 aliyemeza vidonge 90 vya digoksini kwa nia ya kujiua. Miligramu 22.5, siku 90 za dozi ya baba kwa mara moja. Potasiamu ilikuwa juu sana na moyo wake ulikuwa unaendeshwa na vifaa. Wakampa fabu za kondoo, moyo ukarudi kwenye mapigo yake, potasiamu ikashuka, akaishi. Serikali ya Marekani ikairuhusu rasmi 1986, na 1990 ikatoka taarifa ya wagonjwa 150 waliotibiwa: kwa kila kumi, wanane dalili zote ziliisha. Muda wa kuanza kuona mabadiliko, kwa mgonjwa wa katikati, ulikuwa dakika 19 baada ya dripu kuisha.

Dakika 19. Mimi nilikaa kwenye lile benchi siku nne.

Na figo zikiwa nzuri digoksini inapungua nusu kwa siku moja na nusu mpaka mbili, figo zikiwa zimechoka inaweza kufika siku nne au tano. Hiyo ndiyo saa tuliyokuwa tunaisubiri, saa ya figo.

Kuna mtu atasema hiyo ni dawa ya matajiri, sisi tuna malaria, tuna mambo mengine. Nilifikiria hivo pia mpaka nikasoma habari ya Sri Lanka. Kule kuna mmea, olianda ya njano, maua yake ya njano yamekaa kama kengele, majani membamba marefu yanang'aa, tunda la kijani lenye mbegu ngumu ndani, na hizo mbegu zina sumu ya ukoo huohuo wa digoksini. Vijana wengi kule walikuwa wanazitafuna kujiua. Mwaka 2000 Michael Eddleston na madaktari wa Sri Lanka walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba fabu za digoksini zinaishika na hii sumu ya olianda, mapigo ya wagonjwa yanarudi haraka. Hospitali zikaanza kutumia. Alafu 2002 dawa ikakatika kwa sababu ya bei, na idadi ya wanaokufa kati ya wanaolazwa ikapanda karibu mara tatu. Madaktari walewale, wodi zilezile, mmea uleule. Walikuwa wameshajua jinsi ya kuwaokoa, ikabidi warudi kuwashikilia.

Mmea huo tunao. Nimeona picha yake nikaijua palepale, ni uzio wa nyumba ngapi Dar na Tanga, unapandwa kwa sababu mbuzi haugusi na maua yanapendeza. Shule moja ya msingi karibu na kwetu uzio wa upande wa barabara ni huo mtupu. Nilienda, nikaokota matunda matatu chini, pale ambapo watoto wanacheza mdako kwa mbegu na vijiwe, nikaenda nayo mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu. Mama yule alinisikiliza vizuri sana, akamwita mlinzi akamwambia aanze kufagia matunda kila asubuhi wakati wanasubiri kamati ikae kuhusu kuukata.

Najua wengi mkisikia kutumia kingamwili kuchuja dawa kwenye damu mnafikiria upande mwingine, unga. Nimekulia pwani, sihitaji kuelezewa, darasani kwetu wanne wamekuwa mateja na wawili hawapo tena. Na wazo hilo lipo muda mrefu. Mwaka 1974 watafiti wa Chicago walimchanja nyani aliyekuwa amezoeshwa kujipa heroini kwa kubonyeza kitufe, walitumia mofini, ndugu wa karibu wa heroini, iliyogandishwa kwenye protini, mbinu ileile ya furushi. Nyani akapunguza heroini, ila kokeini aliendelea nayo kama kawaida, maana kingamwili zake zilikuwa za mofini peke yake. Wazo ni kwamba kingamwili ni kubwa mno haipiti kwenda kwenye ubongo, kwahiyo dawa ikishikwa kwenye damu haifiki kule inakoleta ule utamu.

Linavutia sana lakini mpaka sasa kwa binadamu halijasimama. Chanjo ya nikotini iliyofika mbali kuliko zote, NicVAX, ilishindwa majaribio ya mwisho 2011. Chanjo ya kokeini ilijaribiwa Marekani kwa watu 115 waliokuwa kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, matokeo yakatoka 2009, kati ya waliopewa chanjo yenyewe ni asilimia 38 tu waliotengeneza kingamwili za kutosha, na hata hao kinga ilikuwa inashuka baada ya miezi michache. Na kuna hesabu ambayo hakuna chanjo inaikwepa: kingamwili moja inashika molekuli mbili basi, mtu anayetamani anaweza kuongeza dozi mpaka akaujaza ukuta na kuupita. Kwa baba ile hesabu inakuwa upande wetu, kwa sababu baba hapambani na dawa, anataka itoke. Kwa teja hesabu inageuka. Ndiyo maana mimi moyo wangu bado uko na ile kliniki ya methadoni iliyoanza Muhimbili 2011, mtu anakuja kila siku, anakunywa kikombe chake mbele ya nesi, anasalimiwa kwa jina lake. Kingamwili siku ikifika vizuri itamsaidia kwenye kitu kimoja kikubwa, kumkinga asife kwa kuzidisha, lakini ile hamu haikai kwenye damu.

Pale ambapo njia hii imesimama imara ni kwenye dharura, mtu ana dawa inayojulikana, kiasi kinachokadirika, na anataka itoke sasa hivi. 2015 imetoka nyingine, idarucizumab, kwa watu wanaotumia dabigatrani ya kuzuia damu kugandana, mtu akipata ajali au anahitaji upasuaji wa haraka wanampa gramu 5 na damu inarudi kuganda ndani ya dakika chache. Inaishika ile dawa mara 350 zaidi ya jinsi dawa inavyoshika kitu chake mwilini.

Nikamuuliza yule rafiki mfamasia, baba angehitaji chupa ngapi? Akanichorea nyuma ya risiti. Kiasi kwenye damu mara uzito gawanya kwa 100. Hospitali haikuwa na kipimo cha digoksini kwahiyo tukakisia 4, baba ana kilo 58. Mbili nukta tatu, unapandisha. Chupa tatu. Kila chupa ina miligramu 40 za fabu, inashika nusu miligramu ya digoksini. Ile risiti ninayo bado kwenye pochi. Sio tani za dawa, sio mashine ya mabilioni, chupa tatu ndogo ambazo zinakaa kwenye friji ya kawaida, na kama kanda nzima ingekuwa na friji moja inayojulikana na kila daktari wa zamu, gari la Ijumaa usiku lingetosha. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kwa mtu yeyote mwenye sauti kwenye manunuzi ya dawa. Digoksini yenyewe tunaigawa kila wilaya, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO, tunawapa wazazi wetu kwa miaka, na ufunguo wa kuifungulia hatuna.

Siku ya nne mapigo ya baba yalifika 58 na ile njano ikaanza kupauka, alisema sasa taa imebaki na uzi mwembamba tu. Potasiamu ikarudi chini ya 5. Alirudi nyumbani Ijumaa iliyofuata, wakambadilishia dawa, digoksini wakaitoa kabisa.

Nimemsimulia haya yote mwezi uliopita tumekaa barazani, kuhusu kondoo na papai na yule mtu wa vidonge 90. Alisikiliza kimya mpaka mwisho alafu akauliza, "Na hao kondoo, wanachinjwa?" Nikamwambia hapana baba, wanatolewa damu kidogo kama watu wanavyochangia, wanarudi kula majani. Akaitikia kwa kichwa, akanyanyuka akaingia ndani, akarudi na kile kikopo chake cha vidonge vya zamani, alikuwa amekiweka juu ya kabati pale ambapo wajukuu wakipanda kiti wanafika. Nikavimwaga kwenye sahani tukahesabu. 23. Miligramu 5.75, nikaitoa ile risiti, kwa waliomeza kwa mkupuo unazidisha kwa 0.8 alafu unagawa kwa nusu, ikaja tisa na kitu. Chupa kumi. Jumatatu yake nikavipeleka vyote kwa mfamasia, akaviandika kwenye daftari lake la dawa za kuteketezwa, mimi nikasaini.